Mchezaji wa 12 ndiye anayebeba maji

Leo tuache siasa na foleni, tuongee michezo kidogo.

Ofisini kwetu kuna msemo ambao ukiupinga unaonekana hujui kazi: shabiki ni mchezaji wa 12. Timu ikicheza nyumbani na uwanja ukajaa, wanasema, mechi imeanza ikiwa na bao moja mfukoni. Wanasema hivyo kwa Simba, kwa Yanga, kwa Taifa Stars, na mimi huwa nanyamaza maana kwenye soka kuna watu wenye sauti kubwa kuliko yangu. Ila mchezo ninaoupenda ni kriketi, tena ya wanawake (cheka umalize, nakusubiri), na kwenye kriketi mchezaji wa 12 ni mtu kamili. Ana jezi, na jina lake limo kwenye orodha. Kazi yake ni kukaa nje akingoja mwenzake aumie, na wakati wa mapumziko kuwakimbizia wenzake maji na glavu kavu. Akiingia kuziba pengo anaruhusiwa kukimbiza mpira na kudaka. Kupiga haruhusiwi, kurusha haruhusiwi.

Nimekuwa nikiliwaza hili tangu tarehe 2 Novemba 2025, India walipochukua Kombe la Dunia la wanawake nyumbani kwao, uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, mbele ya watu karibu 40,000. Kila nilichosoma kesho yake kiliniambia umati ndio uliowabeba. Nikajiuliza, mbona mwezi uliotangulia, katika nchi hiyo hiyo, walipoteza mechi tatu mfululizo? Siku hizo umati ulikuwa umepumzika?

Kwa mgeni wa mchezo huu, maelezo ya nusu dakika. Timu moja inapiga na kukusanya mikimbio, nyingine inarusha mpira na kusambaa uwanjani kuudaka. Ukipiga juu ukadakwa kabla mpira haujagusa chini, umetoka. Hiyo inaitwa wiketi. Mipira sita inafanya ova moja. Kombe kubwa huchezwa kwa ova 50 kila upande, dogo kwa ova 20. Mengine utayaelewa njiani kama nilivyoyaelewa mimi.

Kuanzia 2017 hadi 2025 nimehesabu fainali nne za Dunia za wanawake, za ova 50 na za ova 20, ambazo mwenyeji alicheza kwenye ardhi yake: England pale Lord's 2017, Australia pale Melbourne 2020, Afrika Kusini pale Cape Town 2023, India 2025. Mwenyeji kashinda tatu. Ukimwonyesha hiyo rafiki yangu wa dawati la soka atafunga daftari na kwenda kunywa chai. Lakini zifungue hizo mechi moja moja uone kilichomo ndani.

Lord's, Julai 2017. England wamepata mikimbio 228. India wanaifukuza vizuri, wamefika 191 wakiwa wamepoteza watu watatu tu. Zimebaki 38. Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angeweka fedha yake kwa India. Kilichofuata ni Anya Shrubsole kurusha kama aliyeambiwa dunia inaisha saa kumi na mbili. Wiketi saba zikaanguka kwa mikimbio 28 na England wakashinda kwa tisa. Shrubsole alimaliza na wiketi sita. Uwanja ulikuwa umejaa, ndiyo. Lakini London ni mji wenye watu wengi wenye asili ya India, na siku ile jezi za bluu zilikuwa tele pale jukwaani. Huo umati ulikuwa wa nani? Na tena, kama ulikuwa wa England, ulikuwa wapi muda wote India walipokuwa wanatembea kuelekea kombe?

Katika lile anguko kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakukitilia maanani. Shikha Pandey alitoka kwa kukimbia vibaya: hakudakwa, mpira haukugonga vijiti vyake, yeye na mwenzake walipishana tu juu ya nani anakimbia na nani anabaki. Nahodha wao Mithali Raj naye alikuwa ametoka kwa namna hiyo hiyo mapema zaidi. Ukitaka kuelewa kwa nini hilo linanisumbua, njoo nami Dar.

Nimewahi kukaa pembeni ya kiwanja kimoja cha kriketi hapa mjini, asubuhi, wanacheza wasichana. Watazamaji tulikuwa kumi na saba, nilihesabu, ukimwondoa muuza maji na mbwa mmoja aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha ubao wa matokeo. Ukimya ule una faida kwa mwandishi maana unasikia kila kitu. Wapigaji wawili wanakuwa uwanjani kwa pamoja, kila mmoja mwisho wake, na kabla ya kukimbia ni lazima waitane. "Njoo!" "Hapana!" "Subiri!" Mchezo mzima unaendeshwa na maneno matatu hayo. Na mpira ukienda juu katikati ya wadakaji wawili, mmoja lazima apaze sauti kuwa ni wake, la sivyo watagongana vichwa au kila mmoja atamwachia mwenzake kwa adabu na mpira utatua katikati yao kama mgeni asiyepokelewa. Nilimsikia hata msichana mmoja, umbali wa mita sitini, akimwambia mwenzake, "Dada, amka bwana."

Sasa chukua timu iliyojifunza kuitana namna hiyo tangu utotoni, kwenye viwanja ambavyo sauti ya mtu mmoja inafika mpaka barabarani, uipeleke Melbourne.

Fainali ya 2020 iliwekwa tarehe 8 Machi kwa makusudi, Siku ya Wanawake Duniani. Katy Perry aliimba. Waandaaji walitangaza wazi kwamba wanataka kuvunja rekodi ya Rose Bowl, California, ambako watu 90,185 walitazama fainali ya Kombe la Dunia la soka la wanawake mwaka 1999. Miezi kadhaa wimbo ulikuwa ni viti, viti, viti. Wakapata watu 86,174. Hawakuifikia rekodi, wamepungukiwa elfu nne na ushei, lakini kwa kriketi ya wanawake hakujawahi kuonekana kitu kama kile, na mimi mwenyewe nikiangalia picha zile bado nywele zinasimama.

India walifika fainali bila kucheza nusu fainali, mvua ilifuta mechi yao na England. Siku nane hawajagusa mechi. Wakatoka kwenye korido, wakakutana na watu themanini na sita elfu. Kati yao alikuwemo Shafali Verma, ana miaka 16. Msichana wa kidato cha nne, kwa hesabu za kwetu.

Ova ya kwanza kabisa, Alyssa Healy wa Australia akapiga mpira ukaenda kwa Shafali. Ulikuwa wa kudakika. Ukamtoka. Muda mfupi baadaye mwenzake Rajeshwari Gayakwad akamdondosha Beth Mooney. Healy akafikisha 75 kwa mipira 39, Mooney akabaki na 78 bila kutolewa. Australia 184. India walipokuja kupiga, Shafali akadumu kwa mipira mitatu na mikimbio miwili, na aliyemdaka nyuma ya wiketi ni Healy huyo huyo. Wote wakatoka kwa 99. Kamera ikamkuta yule mtoto analia, na dunia nzima ikaiona ile picha.

Sisemi kelele ndizo zilizomdondoshea mpira. Watu hudondosha mipira hata kwenye mazoezi. Na pale Melbourne bluu za India zilikuwa nyingi pia, kama London. Ninachosema ni kwamba Australia walikuwa na ligi yao ya wanawake, WBBL, tangu 2015; kila msimu walikuwa wanakula umati kidogo kidogo, leo elfu mbili, kesho elfu tano, kama mtu anavyozoeshwa pilipili. Hata hivyo wao wenyewe walianza mashindano yale kwa kufungwa na India hiyo hiyo, nyumbani, Sydney, na mechi ya pili na Sri Lanka nusura iwatoe roho. Nyumbani kuna mzigo wake. Mzigo huo walikuwa wamejifunza kuubeba. Shafali alipewa gunia zima siku moja, bila hata kata ya kuweka kichwani.

Wenzetu wa soka wanao utafiti mzuri katika hili. Mwaka 2020 corona ilipofunga milango na mechi zikachezwa bila watu, watafiti walizichambua na kukuta wageni wanapewa kadi chache kuliko zamani. Yaani sehemu kubwa ya nguvu ya umati ilikuwa inapita kwenye filimbi ya mwamuzi. Kwenye kriketi ya ngazi ya juu siku hizi njia hiyo ni nyembamba, kwa sababu mchezaji anaweza kukata rufaa na uamuzi ukapimwa kwa kamera. Kamera haina mji wa nyumbani. Kinachobaki ni vichwa vya watu ishirini na wawili na masikio yao.

Cape Town 2023 nitapita haraka kwa sababu inaniuma. Afrika Kusini walifungua mashindano kwao, Newlands, wakapoteza na Sri Lanka kwa mikimbio mitatu. Wakarudi pale pale nusu fainali wakawatoa England kwa mikimbio sita, wakawa timu ya kwanza ya wakubwa ya Afrika Kusini, wanaume kwa wanawake, kufika fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Fainali pale pale tena, tiketi zimeisha, wakapoteza na Australia kwa 19. Uwanja mmoja, watu wale wale, matokeo ya kila aina. Laura Wolvaardt alipiga 61 siku ile ya fainali. Mkumbuke huyu dada, tutakutana naye tena.

Turudi India basi, maana hapo ndipo msemo wa mchezaji wa 12 unaponikwama kooni.

Tarehe 11 Desemba 2022, DY Patil, mechi ya kawaida tu ya kirafiki kati ya India na Australia. Kiingilio bure. Wakaja watu kama 47,000. Mechi ikaisha sare, ikaamuliwa kwa ova moja ya nyongeza, India wakashinda, wachezaji wakauzunguka uwanja mzima wakipunga mikono kama watu walioshangazwa na sherehe ya kuzaliwa. Miezi mitatu baadaye, Machi 2023, ikaanza ligi yao ya WPL. Msimu ule wa kwanza ulichezwa wote kwenye viwanja viwili vya Mumbai, DY Patil na Brabourne, na wanawake na wasichana waliingia bila kulipa. Kwa hiyo ile timu ya 2025 haikukutana na umati kwa mara ya kwanza siku ya fainali. Walikuwa wamekaa nao miaka mitatu kwenye uwanja ule ule, wanaijua sauti yake inapopanda, wamejifunza kuonyeshana kwa mkono pale ambapo koo halisikiki.

Na bado, Oktoba 2025, wakapoteza na Afrika Kusini pale Visakhapatnam, siku tatu baadaye wakapoteza na Australia uwanja huo huo baada ya kupiga 330 (mia tatu na thelathini, na wageni wakazifukuza zote!), kisha wakapoteza na England pale Indore kwa mikimbio minne. Nyumbani. Watu wamejaa. Kabla ya mechi ya England Jemimah Rodrigues aliachwa nje ya kikosi.

Jemimah ni wa Mumbai. Kwake Navi Mumbai ni kama mtu wa Kinondoni kwenda Kigamboni. Alirudishwa kikosini, na nusu fainali wakapangiwa Australia, waliokuwa hawajapoteza mechi ya Kombe la Dunia la ova 50 tangu 2017. Australia wakapiga 338. Hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imewahi kufukuza namba hiyo ikafika. Alipokuwa na 82 aliupiga mpira ukapaa wima, ukaenda kwa mlinda wiketi, na mlinda wiketi alikuwa Alyssa Healy, wakati huo akiwa nahodha. Yule yule wa Melbourne. Mpira ukamtoka. Baadaye Tahlia McGrath naye akamdondosha. Jemimah akamaliza na 127 bila kutolewa, India wakashinda. Akasimama mbele ya kipaza sauti huku machozi yanamtoka, akasema mashindano yale amekuwa akilia karibu kila siku kwa wasiwasi.

Ukiangalia nusu fainali ile juu juu, ni hadithi ya umati uliomsukuma binti wa nyumbani. Ila binti mwenyewe anakwambia alikuwa analia karibu kila siku, na siku hizo alikuwa kwao, si ugenini. Mimi naona umati ni kama sauti ya redio iliyoongezwa: kama una furaha inakuzidishia furaha, kama una hofu inakuzidishia hofu, na haichagui jezi.

Kwa nini najisumbua na haya? Kwa sababu ya mazungumzo niliyowahi kuwa nayo na bosi mmoja wa dawati, simtaji. Nilimpelekea habari ya mashindano ya Kwibuka, yale ya kriketi ya wanawake yanayochezwa Kigali tangu 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari. Wasichana wa Tanzania wamewahi kulichukua kombe lile, mwaka 2019. Kuchukua kombe ugenini, mnielewe. Bosi akaisoma, akaniangalia kwa huruma.

"Mdogo wangu, hii nani atasoma? Wakijaza uwanja nitawapa ukurasa."

"Shikamoo bosi," nikasema, ingawa nilishamsalimia asubuhi. Nikarudi kwenye meza yangu.

Wakijaza uwanja. Ndivyo tunavyowapima wanawake kwenye michezo, wadau. Mwanaume anacheza, tunauliza kacheza vipi. Mwanamke anacheza, tunauliza walikuja wangapi. Melbourne 2020 idadi ya watu iliandikwa kuliko mikimbio ya Mooney, na mtoto wa miaka 16 akawekwa katikati ya mtihani ambao haukuwa wake. Halafu wanaopata hiyo idadi hawakuipata kwa muujiza. Kuna mtu alifungua geti bure Desemba 2022. Kuna mtu aliandika habari za WPL siku ambazo hakuna aliyemwomba. Kule Visakhapatnam na Indore watu walikuja wakaona wakifungwa, na DY Patil wakajaa tena. Ukurasa unatangulia, bosi. Uwanja unafuata. Nilitamani kumwambia hivyo siku ile, lakini ndiyo kwanza nilikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu.

Haya, fainali.

Shafali Verma hakuwemo hata kwenye kikosi cha Kombe la Dunia 2025. Aliitwa mwishoni baada ya Pratika Rawal kuumia kwenye mechi na Bangladesh. Wakati huo alikuwa na miaka 21. Mvua ikachelewesha mechi, watu wakangoja, na alipoingia akapiga 87. India 298. Afrika Kusini walipoanza kufukuza akapewa na mpira arushe, jambo ambalo halikuwa kazi yake hata kidogo, akachukua wiketi mbili. Ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi.

Upande wa pili alikuwepo Wolvaardt, nahodha, yule wa Cape Town. Watu elfu arobaini dhidi yake, akapiga 101. Kila alipopiga mpaka mwisho wa uwanja kelele zilikatika ghafla kama umeme umekatika mtaani, na kwenye ule ukimya yeye akaendelea. Nimewahi kusikia Pat Cummins, nahodha wa Australia ya wanaume, akisema kabla ya fainali yao ya Ahmedabad 2023 kwamba hakuna raha kama kuunyamazisha umati mkubwa, na kweli waliunyamazisha. Wolvaardt alikuwa anaelekea huko huko, na pale nilipokuwa natazama, sebuleni kwa shangazi, hata chai ilikuwa imepoa.

Deepti Sharma akarusha. Wolvaardt akaupiga juu kuelekea mbali, na chini yake akawa anakuja Amanjot Kaur, anakimbia. Mpira ukamfikia mikononi, ukamtoka. Akaufuata, ukamtoka tena. Umati wote ule, na kwa muda ule hakuna aliyekuwa na cha kumsaidia. Hakukuwa na wa kuitana naye, alikuwa peke yake pale pembeni na mpira unaoruka kama samaki. Kisha ukabaki kwenye kiganja, karibu na nyasi. Shangazi, ambaye hajui ova ni nini, akaniuliza, "Wametufunga au tumewafunga?" Nikamwambia angoje kidogo, maana bado walikuwa hawajaisha.